MAJENGO YA ZAMANI KATIKATI YA JIJI: TUYABOMOE AU TUYATUMIE?

(Hotuba iliyotolewa na mwanachama katika Mkutano Mkuu wa Umoja wa Wanafunzi wa Zamani, mbele ya walimu na wanafunzi wa shule yetu)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu wetu, wanachama wenzangu, na ninyi vijana mnaokalia sasa madawati tuliyoyaacha sisi:

Nimeombwa nizungumze juu ya hifadhi ya majengo ya kale katikati ya Jiji la Dar es Salaam, kwa sababu kazi yangu serikalini ni ya mipango miji, na maombi ya vibali vya ujenzi ndiyo chakula changu cha kila siku. Lakini sote tunajua kwamba ipo sababu ya pili. Katika ajenda ya leo limo pendekezo la kuiomba Serikali ruhusa ya kubomoa jengo letu la zamani, lile lenye varanda linalotazama barabara, ili mahali pake ijengwe ghorofa yenye fremu za maduka chini na madarasa juu. Wanaotoa pendekezo hilo wanaipenda shule hii kama ninavyoipenda mimi, na shida wanayotaka kuitatua ni shida ya kweli: madarasa hayatoshi na fedha hakuna. Basi nitaanza na habari za mji, kisha nitarudi hapa shuleni.

Ndugu zangu, mji wetu si mkongwe kama Kilwa au Bagamoyo. Sultani Majid bin Said wa Unguja alianza kuujenga katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha wavuvi cha Mzizima. Alipofariki mwaka 1870 kazi ilizorota. Wajerumani walifika mwaka 1887, na mwaka 1891 wakahamishia hapa makao makuu ya utawala wao kutoka Bagamoyo. Kutoka wakati wa Majid tumebakiwa na majengo machache sana. Mojawapo ni Boma la Kale pale Barabara ya Sokoine, lililojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Jingine ni Atiman House, ambayo tangu miaka ya 1920 imekuwa mikononi mwa Mapadri Weupe. Baada ya hayo yanafuata majengo ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, kisha maduka na nyumba za ghorofa mbili tatu zilizojengwa na wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi katika mitaa ya Indira Gandhi, Jamhuri, Zanaki na Kisutu, zenye roshani mbele na jina la mwenye nyumba au mwaka wa ujenzi juu ya lango. Kando ya hayo yote ipo Kariakoo, na nyumba yake ya Kiswahili: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba kushoto na kulia, na ua nyuma.

Urithi huo unapungua mbele ya macho yetu. Hoteli ya Kaiserhof ya wakati wa Wajerumani, ambayo baadaye iliitwa New Africa, ilibomolewa, na katika miaka ya 1990 ikajengwa hoteli mpya yenye jina hilo hilo. Katika Barabara ya Samora lilikuwapo jengo la Salamander. Leo pana mnara wa ofisi unaoitwa Salamander. Majina tumeyaweka, kuta tumezipeleka dampo. Huko Kariakoo hata majina hayakubaki, kwa sababu nyumba ile ya vyumba sita haikuwa na jina zaidi ya la bibi au babu aliyeijenga.

Mtu atauliza, je, hakuna sheria? Sheria ipo. Tunayo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979. Lakini isomeni kwa makini. Sheria hiyo inalinda moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863. Sasa, mji ambao ulianza kujengwa miaka hiyo hiyo ya 1860 utapata nini katika ulinzi huo? Karibu hakuna kitu. Kilwa imo, Kaole imo, lakini Dar es Salaam imeachwa mlangoni. Kwa hiyo kila jengo la hapa halina budi litangazwe na Waziri katika Gazeti la Serikali, moja moja au kwa kundi, na mwaka 1995 majengo kadhaa ya katikati ya jiji yalitangazwa hivyo. Nyumba ambayo haikutangazwa, hata ikiwa nzuri namna gani, mbele ya sheria hiyo ni matofali tu.

Hata hilo si jibu kamili. Orodha ni karatasi. Inaweza kumzuia mtu kubomoa, lakini haiwezi kupanda juu ya paa kuzibua mfereji. Katika kazi yangu nimeona kwamba jengo la zamani hufa mara mbili. Kwanza hufa polepole kwa kukosa matunzo, na hapo hakuna anayelia. Baadaye huja tingatinga kumzika marehemu, ndipo wote tunapolia. Na mwenye kuleta tingatinga huwa na cheti cha mhandisi mkononi kinachosema kwamba jengo ni hatari. Mara nyingi cheti hicho ni cha kweli. Jengo limekwisha kuwa hatari, kwa sababu liliachwa miaka 30 lifikie hapo.

Kifo hicho cha kwanza kinatokana na mambo mawili: fedha na maji.

Nianze na fedha. Mwaka 1971 Serikali ilipitisha Sheria ya Utwaaji wa Majumba, na nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 zikawa mali ya umma chini ya Msajili wa Majumba. Lengo lilikuwa kuondoa unyonyaji, na wananchi wengi walipata mahali pa kuishi katikati ya mji ambapo zamani wasingeweza kupasogelea. Lakini kodi za pango zilikuwa ndogo, na kodi ndogo haiwezi kununua mabati na boriti kila yanapohitajika. Mwaka 1990 kazi za Msajili ziliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Biashara huria ilipofunguliwa, thamani ya kiwanja katikati ya jiji ikapanda haraka kuliko thamani ya nyumba iliyosimama juu yake. Hapo ndipo ulipoanza ubia: wewe una kiwanja, mimi nina mtaji, tubomoe tujenge ghorofa kumi na zaidi.

Kariakoo hesabu ni ile ile kwa watu binafsi. Ndugu watano wamerithi nyumba moja ya baba yao. Anakuja mfanyabiashara, anawaambia watampa kiwanja, naye atawapa sehemu yao katika ghorofa mpya. Fremu moja ya duka pale Kariakoo, ukiweka kodi na kilemba, inaingiza kuliko vyumba vyote sita vya nyumba ya zamani. Mimi sina moyo wa kumlaumu mrithi huyo. Ukimwambia atunze urithi wa Taifa kwa fedha za mfukoni mwake, huku jirani yake akisomesha watoto kwa kodi ya fremu, unamwomba sadaka, na sadaka si sera.

Sasa maji. Vijana wa sayansi mtanielewa upesi. Ukuta wa matumbawe na chokaa hupumua. Unyevu hupanda kutoka ardhini, huingia ukutani, kisha hutoka nje kupitia lipu ya chokaa na kukauka kwa upepo. Mafundi wa pwani walilijua jambo hili karne nyingi. Anakuja mtu mwenye nia njema, anaona lipu imechakaa, anapiga saruji. Saruji ni ngumu na haipitishi unyevu vizuri, kwa hiyo maji yanafungiwa ndani pamoja na chumvi yake. Baada ya misimu michache lipu inavimba na kuanguka vipande vipande, na boriti za mikoko zilizochomekwa kwenye ukuta huo zinaoza vichwani, mahali ambapo jicho halifiki. Juu yake ongeza mfereji wa mvua ulioziba na mti mdogo uliootea kwenye ufa. Usipoziba ufa utajenga ukuta: wazee hawakusema fumbo tu, walikuwa wanazungumza habari za nyumba.

Mfano mzito tunao ng'ambo ya bahari. Jumba la Ajabu la Unguja, Beit al-Ajaib, lilijengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash. Limo ndani ya Mji Mkongwe, ambao tangu mwaka 1985 una mamlaka yake ya hifadhi, na tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Hakuna jengo katika nchi hii lililokuwa na heshima zaidi kwenye karatasi. Hata hivyo sehemu yake ilianguka mwaka 2012, likafungwa, na tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika ukarabati, sehemu kubwa ya mbele ikaporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Kama orodha peke yake ingetosha, jumba lile lingekuwa zima.

Lakini msidhani kwamba jipya ndilo salama daima. Tarehe 29 Machi 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa lilianguka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Nayataja kwa heshima ya marehemu na kwa sababu moja: usalama hautokani na upya wala ukale. Unatokana na usimamizi. Aidha, anayechimba msingi mrefu kwa ajili ya ghorofa mpya huweka hatarini nyumba jirani ya matumbawe ambayo msingi wake ni mfupi. Jambo hilo lapaswa kukaguliwa kabla kibali hakijatoka, si baada ya nyufa kuonekana.

Sasa tutazame yaliyopona, tuone yamepona kwa nini. Makanisa mawili yanayotazama bandari, la Kilutheri la Azania Front na la Mtakatifu Yosefu, yamezidi miaka mia moja. Yamesimama kwa sababu kila Jumapili wapo watu ndani, na paa likivuja linamvujia mtu ambaye atachangia kuliziba. Boma la Kale lilitumika kwa ofisi za serikali kwa miaka mingi, na katika miaka ya 2010 likakarabatiwa na kuwa kituo cha urithi wa majengo, penye maonyesho ya historia ya ujenzi wa jiji letu. Soko Kuu la Kariakoo, lililosanifiwa na Mtanzania mwenzetu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lenye mapaa ya zege yanayofanana na miavuli iliyopinduliwa na yaliyokusudiwa kukusanya maji ya mvua, liliungua tarehe 10 Julai 2021. Wapo waliodhani huo ndio mwisho wake. Serikali iliamua kulikarabati, na kando yake likajengwa jengo jipya la kuongeza nafasi ya biashara. Zingatieni mfano huo: la zamani limetengenezwa, jipya limewekwa ubavuni mwake, na nafasi ya biashara imeongezeka.

Kwa hiyo fundisho langu ni moja, nalo ni jepesi kulikumbuka: jengo la zamani huokolewa na matumizi. Sheria ni uzio tu. Tafuta mtu wa kuliishi, kulifundishia, kuliuzia vitabu au kulisalia, mpe masharti na mpe nafuu, nalo litadumu. Ukilifunga kwa heshima, umeliua.

Yapo mambo ambayo sisi wa serikalini tunapaswa kuyafanya. La kwanza, orodha ya majengo yanayostahili kulindwa ihuishwe, iwe na picha na vipimo, na iwekwe kwenye meza ile ile panapotolewa vibali, siyo kwenye kabati la wizara nyingine. La pili, mwenye jengo linalolindwa afidiwe kwa njia isiyoigharimu hazina. Stesheni maarufu ya Pennsylvania katika Jiji la New York ilianza kubomolewa mwaka 1963, na kwa uchungu wa tendo hilo jiji likatunga sheria ya hifadhi mwaka 1965. Huko mwenye jengo lililohifadhiwa anaweza kuuza haki ya ghorofa ambazo hakuzijenga kwa mwenye kiwanja cha jirani. Sisi pia tungeweza kufikiri jambo la namna hiyo, pamoja na kumpunguzia mwenye nyumba kodi ya jengo. La tatu, vyuo vyetu vya ufundi vifundishe tena kazi ya chokaa, kwa kuwa mafundi wanaoijua wanazidi kuwa wachache.

La nne linatuhusu sana sasa. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, na tangu mwaka 2016 wizara zimehamia huko kwa kasi. Nyuma yetu, katika eneo la Kivukoni, tumeacha majengo ambayo Wajerumani waliyajenga na ambamo Jamhuri yetu ilipangiwa mipango yake tangu Uhuru. Jengo la ofisi lisilo na wafanyakazi huanza kufa siku taa zinapozimwa. Yapewe kazi mapema: vyuo, maktaba, mahakama, hata hoteli, mradi masharti yawe yameandikwa kabla mpangaji hajaingia.

Kuna ndugu wanaouliza kwa nini tuwatunzie wakoloni majengo yao. Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba matumbawe yale yalichongwa na mikono ya watu wa hapa, chokaa ilichomwa na watu wa hapa, na kumbukumbu ya jasho lao haimo katika vitabu vingi, imo ukutani. Tena urithi hauishii kwa Mjerumani na Mwingereza. Jina lenyewe la Kariakoo linatukumbusha kikosi cha wabeba mizigo wa Kiafrika katika Vita Kuu ya Kwanza. Nyumba ya Mwalimu Nyerere kule Magomeni imetunzwa kama makumbusho, nayo ni nyumba ya kawaida ya mwananchi. Ikiwa nyumba zote za namna hiyo zitakwisha Kariakoo, mjukuu wako utamwonyesha nini ukimwambia kwamba Uhuru ulizungumzwa barazani?

Sasa nirudi hapa shuleni, kwenye ajenda.

Jengo letu la zamani lina vyumba vinane. Kuta zake ni nene, dari iko juu, na varanda inazuia jua la mchana. Vijana wa Kidato cha Pili mnajua kwamba mwezi wa Februari ndilo jengo pekee ambalo mwalimu anaweza kufundisha saa nane bila darasa kusinzia. Mnajua pia kwamba ukuta wa nyuma unachubuka. Nendeni mkautazame: umepigwa lipu ya saruji, na mfereji ulio juu yake umejaa majani. Ukuta wa mbele wenye lipu ya chokaa ni mzima. Jengo lile lina ugonjwa unaotibika.

Halikutangazwa katika Gazeti la Serikali, kwa hiyo hakuna sheria ya mambo ya kale itakayotuzuia. Uamuzi ni wa Serikali kwa sababu shule ni yake, lakini sauti yetu itasikilizwa. Hapo ndipo uzito ulipo: tukisema libomolewe, hakuna mwingine atakayelitetea.

Napendekeza yafuatayo. Kwanza, tusipige kura leo ya kubomoa. Wanachama wenzetu walio wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi, na ninawaona hapa watatu, wajitolee kutuletea hesabu mbili katika mkutano ujao: gharama ya kubomoa na kujenga upya vyumba vinane pamoja na maduka, na gharama ya kutengeneza jengo lililopo na kujenga fremu zile zile kwenye kona ya uzio, palipo na tangi lisilotumika. Pili, kabla ya mvua za masika, tuzibue mifereji na kung'oa mti ulioota juu ya ukuta wa nyuma. Kazi hiyo ni ya Jumamosi moja na ngazi mbili, nami nitakuja na jembe. Tatu, wanafunzi wa Jiografia na Hisabati walipime jengo lote na kulichora, chumba kwa chumba, chini ya walimu wao. Hata kama hatimaye litabomolewa, michoro hiyo itabaki. Na kijana aliyeshika kamba ya kupimia ukuta wa miaka mingi hataingia kesho katika ofisi ya vibali akiwa mgeni wa jambo hili.

Hesabu zikionyesha kwamba kubomoa ndiyo njia ya pekee ya kuwapatia vijana hawa madarasa, nitakuwa wa kwanza kunyosha mkono kukubali, kwa kuwa shule ni watoto kabla ya kuwa kuta. Lakini tuamue baada ya kuhesabu. Majengo mengi ya jiji hili yaliondoka bila mtu yeyote kukaa chini na kalamu, na sasa hakuna anayeweza kutuambia kama ilikuwa faida au hasara.

Ndugu Mwenyekiti, naliwasilisha pendekezo hilo mbele ya mkutano.